Kabla hujaligusa faili: kwa mnaoanza kazi ya IT katika ofisi za Tabora

Vijana wengi wanaotoka chuo na kuanza kazi ya IT hapa Tabora wamefundishwa seva za kwenye rafu, domeni (akaunti zote za ofisi kusimamiwa na seva moja), na mitandao iliyochorwa vizuri ubaoni. Kisha wanapelekwa ofisi ya chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku, au shule, au SACCOS, wanakuta kompyuta sita, swichi ya matundu manane juu ya kabati, na faili moja la Microsoft Access, programu ya kanzidata (hifadhi ya taarifa kwa majedwali), lililobeba ofisi nzima: wanachama, pembejeo zilizokopeshwa, makato, marejesho. Kinachoitwa seva ni kompyuta ya mezani ya mhasibu. Ndani yake kuna folda iliyosheawa na kila mtu anaingia humo.

Msiudharau mpangilio huo. Access ipo tangu 1992, na kwa ofisi ya watu watano au kumi bado inafanya kazi vizuri ikitunzwa. Tatizo ni kwamba ikigoma, fundi mgeni hukimbilia faili lenyewe. Analihamisha, analibana (Compact), analitengeneza upya, kumbe ubovu uko kwenye folda, kwenye waya, au kwenye kompyuta ya meza ya pili. Ndiyo maana wanaokuja kwangu kwa mafunzo ya vitendo nawaambia faili waliguse mwisho.

Ukifika, salimia watu, kaa, uliza. Amekwama mmoja au wamekwama wote? Folda haionekani kabisa, au inaonekana ila faili halifunguki, au linafunguka ila halikubali kuandikwa? Lilifanya kazi vizuri mara ya mwisho lini, na tangu hapo kimebadilika nini: ruta, kompyuta, paswedi, mtu aliyehamishwa chumba? Watu hawataji mabadiliko kwa sababu hawayaoni kama mabadiliko. Fundi wa intaneti akija Jumatano kubadilisha ruta na faili likagoma Alhamisi, hakuna atakayeunganisha mambo hayo mawili isipokuwa wewe.

Wakikwama wote kwa wakati mmoja, anza na kompyuta inayobeba faili na swichi. Akikwama mmoja, za wenzake ziache, shughulika na yake. Wakisoma bila kuweza kuandika, hiyo ni ruhusa. Wakitupwa nje katikati ya kazi kisha wakarudi, hiyo ni njia, yaani waya au waifai. Wakiambiwa faili linatumiwa na mwingine, hilo ni kufuli, yaani alama kwamba faili limeshikwa na mtu, nalo lina mambo mengi.

Na usikubali kuhadithiwa ujumbe wa kosa.

"Mama, ukibonyeza pale inakuandikia nini?"

"Inaandika Kiingereza kirefu, mwanangu, mimi nafunga tu."

"Leo ikiandika usifunge. Ipige picha kwa simu, unitumie."

Picha hiyo moja ina thamani kuliko maelezo ya ofisi nzima, kwa sababu Access husema mambo mawili tofauti kwa maneno yanayofanana, na mtu aliyekereka hatofautishi.

Sasa kufuli. Muelewe kwanza kwamba faili la Access likiwa kwenye mtandao halina mpokeaji upande wa pili. Kwenye kanzidata za seva kama MySQL au SQL Server unatuma ombi, injini (programu inayosoma na kuandika data) iliyoko kwenye seva inatafuta na kukujibu. Kwenye Access hakuna injini kule. Kompyuta yako yenyewe ndiyo inayolisoma faili kupitia waya, kurasa kwa kurasa za KB 4, na kuliandika hivyohivyo. Ofisi ya kompyuta sita ina injini sita zinazoandika faili moja, na zinaelewana kwa njia ya faili dogo linalozaliwa pembeni. Kubwa likiitwa Wanachama.accdb, dogo ni Wanachama.laccdb. Kwa mafaili ya zamani ya .mdb, dogo huishia na .ldb. Mtu wa kwanza akifungua linaundwa, wa mwisho akitoka linafutwa.

Faili hilo dogo ndilo la kusoma kwanza. Kila kompyuta inayoingia huandikwa humo kwa baiti 64: 32 za jina la kompyuta, 32 za jina la mtumiaji. Ukilikuta lina baiti 192, nafasi tatu zimeandikwa. Nakili pembeni, fungua nakala kwa Notepad, utayaona majina katikati ya alama zisizosomeka. Ila jina halifutwi mtu anapotoka. Linabaki mpaka faili lote lifutwe au mwingine aichukue nafasi hiyo. Kwa hiyo orodha inakuonyesha waliopita humo tangu faili dogo lilipoundwa, na aliyemo sasa hivi utamthibitisha kwa njia nyingine.

Jina la mtumiaji nalo linawatia watu hofu bure. Karibu kila nafasi itasema Admin. Ofisini wakiona ujumbe kwamba kanzidata imewekwa katika hali inayozuia kufunguliwa, na aliyefanya hivyo ni Admin, wanaanza kuulizana nani ameiba paswedi ya msimamizi. Hakuna aliyeiba. Admin ni jina ambalo Access humpa kila mtu pale ambapo haikuwekewa ulinzi wake wa zamani wa watumiaji. La maana katika ujumbe ule ni jina la mashine. Mashine ikisema MASJALA, nenda masjala.

Hapo ndipo utakapojua faida ya kazi ndogo ambayo wengi hawaifanyi. Windows hujipa majina ya DESKTOP- yakifuatwa na herufi na namba za ovyo. Siku ya kwanza ukipewa ofisi, zipe kompyuta majina ya kazi zake: MHASIBU, MAPOKEZI, GHALA. Usizipe majina ya watu, maana watu huhamishwa.

Ukifika masjala utakuta nini? Mara nyingi mtu amefungua jedwali au fomu katika hali ya kuisanifu, ameongeza safu, simu ikaita, akainuka. Anayebadilisha umbo la jedwali anahitaji faili awe nalo peke yake, na wengine wote hubaki nje. Au kompyuta yake, kwenye mipangilio ya Access sehemu ya Client Settings, imewekwa ifungue kila faili kwa upekee badala ya kwa pamoja. Mpangilio huo ni wa kila kompyuta peke yake, hivyo kosa linatokea siku anazowahi kazini tu. Akichelewa, akakuta wengine wamo, yeye ndiye anayekosa. Utapigiwa simu kwamba "mfumo una siku zake", na kweli unazo. Fuatilia nani huwa wa kwanza kufika.

Kuthibitisha aliyemo sasa, kaa kwenye kompyuta inayobeba faili, fungua dirisha la amri kama msimamizi, andika net file. Utaona mafaili yaliyofunguliwa kupitia mtandao na majina ya akaunti. Kwenye Computer Management, sehemu ya Shared Folders, kuna orodha hiyohiyo kwa sura nzuri zaidi, pamoja na uwezo wa kumfungia mtu faili kwa nguvu. Uwezo huo uogopeni. Aliyekuwa anaandika ukimkata katikati, unaweza kuacha ukurasa nusu umeandikwa, na hapo tatizo la kufuli linageuka kuwa tatizo la faili bovu. Tembea mpaka mezani kwake, mwombe ahifadhi na afunge. Ofisi zetu si kubwa kiasi hicho.

Na lile faili dogo likibaki baada ya watu wote kutoka? Labda umeme ulikatika wakiwa ndani, labda aliyetoka mwisho hana ruhusa ya kufuta. Jaribu kulifuta kwa kawaida. Windows ikikubali, hakuna aliyelishikilia. Ikikataa, kuna mtu ndani, rudi kwenye net file. Kuna mafundi wanaozima na kuwasha kompyuta inayobeba faili ili kuvunja kufuli. Inavunjika, ndiyo, pamoja na kazi ya kila aliyekuwa ameingia.

Ruhusa ndizo zinazofuata kwa kula muda, nami naona ndizo zinazoeleweka vibaya kuliko yote. Folda iliyosheawa ina milango miwili, na mtu sharti apite yote. Wa kwanza ni ruhusa za kushea, wa pili ni ruhusa za diski yenyewe, zile za kichupo cha Security. Inayobana zaidi ndiyo inayoshinda. Ukishea folda kwa njia ndefu ya Windows (Advanced Sharing), mlango wa kwanza huwekwa kila mtu asome tu. Fundi anaenda kwenye Security anatoa ruhusa zote duniani, anarudi, bado haiandiki, anaanza kulilaumu faili. Mlango wa nje haukufunguliwa.

Kosa la pili ni kutoa ruhusa kwenye faili badala ya folda. Kumbukeni lile faili dogo. Lazima liundwe na lifutwe ndani ya folda hiyohiyo, kwa hiyo kila mtumiaji, hata anayeingia kusoma tu, anahitaji haki ya kuunda na kufuta humo. Asipokuwa nayo, akifungua wa kwanza kufuli haliundwi, na matokeo yake hayatabiriki vizuri: ama atabaki kusoma tu, ama atalishika faili peke yake na wenzake wakose. Toa haki ya Modify kwenye folda, irithiwe na vilivyomo. Full Control usiitoe. Anayeandika marejesho ya mikopo hana sababu ya kubadilisha ruhusa za wengine.

Tena, faili linaposogezwa kwa kukata na kubandika ndani ya diski ileile, kwa kawaida huja na ruhusa zake za kule lilikotoka. Mhasibu alikuwa na faili lake kwenye Desktop, amelikata na kulitia kwenye folda ya pamoja, yeye anafungua, wengine wanakataliwa. Likinakiliwa, hurithi za folda mpya. Na Access ikilibana faili, huunda faili jipya na kulifuta la zamani, kwa hiyo ruhusa ulizoweka juu ya faili lenyewe hupotea siku hiyo. Ndiyo sababu nyingine ya kuweka kila kitu kwenye folda.

Jaribio langu ni dogo. Kaa kwenye kompyuta ya aliyekwama, akiwa ameingia kwa akaunti yake, si yako. Fungua folda ya pamoja, unda faili tupu la maandishi, libadilishe jina, lifute. Likikwama popote kati ya hatua hizo, unajua ni ruhusa na unajua ni ipi. Likipita zote, acha ruhusa, geukia kufuli au njia.

Mtashawishika kutoa kila kitu kwa Everyone ili mambo yaishe. Msifanye hivyo. Mafaili haya yana majina ya watu, namba zao za kitambulisho cha Taifa, simu, madeni yao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023, na ofisi ndogo inayokusanya taarifa za wanachama haikuachwa nje kwa sababu ya udogo wake. Pale pasipo na domeni, njia iliyozoeleka ni kumfungulia kila mtu akaunti kwenye kompyuta inayobeba faili, yenye jina na paswedi sawa na za kompyuta yake. Ni kazi ya mchana mmoja. Siku akibadilisha paswedi upande mmoja atakwama, na pengine Windows itaendelea kutuma ile ya zamani iliyohifadhiwa kwenye Credential Manager. Ifute humo, aingize mpya. Akaunti moja ya "ofisi" inayotumiwa na wote ni rahisi kuitunza, ila siku mkopo wa mtu ukibadilishwa kimyakimya hutaweza kumwambia meneja ni nani aliyefungua.

Windows yenyewe nayo imekuwa ikibana mwaka hadi mwaka, na ni haki yake. Tangu toleo la 1709 la Windows 10, la mwaka 2017, itifaki ya zamani ya SMB 1 (SMB ni lugha ambayo Windows hutumia kushea mafaili) haiwekwi tena kwenye usakinishaji mpya, kwa hiyo kompyuta ya Windows XP iliyobaki ghalani haitaongea na kompyuta mpya. Jibu ni kuiondoa hiyo ya XP. Kuirudisha SMB 1 ni kuifungulia tena njia ileile iliyopitwa na kirusi cha WannaCry Mei 2017. Windows 11 Pro toleo la 24H2 inadai mawasiliano ya SMB yatiwe saini, na haikubali tena kuingia kama mgeni asiye na paswedi. Ofisi iliyokuwa ikishea bila paswedi kwa miaka, ikinunua kompyuta mpya moja, hiyo mpya ndiyo itakayogoma na ndiyo itakayolaumiwa.

Ile ruta ya Jumatano sasa. Windows ikiuona mtandao mgeni huuhesabu kuwa wa hadharani, na kwenye mtandao wa hadharani kushea mafaili hufungwa na ukuta wa moto. Nenda kwenye kompyuta inayobeba faili, geuza mtandao uwe Private. Angalia na anwani: ruta mpya huwa imegawa anwani mpya, na kama njia ya mkato ya watumiaji iliandikwa kwa namba ya IP, sasa inaelekea kusiko na mtu. Tumia jina la kompyuta, kwa mfano \\MHASIBU\Data, au iambie ruta iitengee kompyuta hiyo anwani moja ya kudumu. Herufi za diski kama Z: siziamini sana. Kwenye meza moja ni Z:, kwenye nyingine mtu ameweka Y:, na jedwali lililounganishwa hukumbuka njia kama ilivyoandikwa siku lilipounganishwa. Na kama kompyuta inayobeba faili inalala ikiachwa bila kuguswa, ofisi nzima hupotea mhasibu akienda chai. Zima usingizi huo kwenye mipangilio ya umeme, skrini tu ndiyo izimike.

Windows za kawaida, hata Pro, hupokea miunganisho isiyozidi 20 kwa wakati mmoja. Ofisi nyingi hazifiki huko. Shule yenye chumba cha kompyuta inaweza kufika, na ujumbe utakaotokea unasema wazi kwamba hakuna nafasi tena.

Njia sasa, na hapa Tabora ina mambo yake. Waifai na faili la Access havipatani. Mtu anayesoma habari haoni mtandao ukikatika kwa sekunde moja. Access inaona, na inakuambia mawasiliano yamekatizwa, funga kanzidata uifungue upya. Yakikatizwa wakati inaandika, faili laweza kuharibika. Majengo mengi ya zamani mjini yana kuta nene ambazo mawimbi hayapenyi, na laptopu inayoshika mistari miwili ya waifai hutosha kuwasumbua wote, kwa sababu madhara ya mwandishi mmoja yanabaki kwenye faili la wote. Vuteni waya. Kebo ya Cat5e inafika mita 100, na kama ofisi iko kwenye nyumba mbili zilizotenganishwa na uwanja, fikirieni radi kabla ya kuutundika waya kwenye mwembe. Kuanzia Novemba mvua zinapoanza, waya wa shaba unaopita nje ndio unaoingiza radi kwenye swichi. Kati ya majengo ni bora faiba.

Kiangazi kina yake. Vumbi linajaa kwenye matundu ya swichi na feni, kompyuta inapata joto, inajizima. Panya hula kebo zilizopita juu ya dari. Na wanaopiga deki asubuhi huivuta swichi wakisogeza kabati. Plagi ya kebo iliyovunjika kidole inakaa nusu ndani nusu nje, leo inashika kesho haishiki. Plagi ni za bei ndogo, zibadilisheni kabla hamjaanza kutafsiri ujumbe wa makosa.

Umeme ukikatika, kompyuta za pembezoni zikizimika si msiba mkubwa. Msiba ni kuzimika kwa inayobeba faili na swichi. Bajeti ikitosha UPS (betri ya akiba ya umeme) moja tu, iwekeeni hiyo kompyuta na swichi kwa pamoja. Nimeona ofisi iliyonunua UPS nzuri ya kompyuta ya mhasibu na kuiacha swichi kwenye soketi ya ukutani. Umeme ukienda, faili liko hai na hakuna anayeweza kulifikia, na kila aliyekuwa anaandika amekatwa katikati.

Kuna ugonjwa mmoja ambao hamtauona kwa macho, niutaje kwa kuwa ulipoteza muda wa mafundi wengi. Mwaka 2018, baada ya Windows 10 toleo la 1803, ofisi nyingi duniani zilianza kupata mafaili ya Access yanayosema muundo hautambuliki au kanzidata iko katika hali isiyo sawa, ingawa waya na umeme vilikuwa salama. Chanzo kilikuwa namna SMB inavyozikodisha kompyuta haki ya kuhifadhi sehemu za faili kwao. Microsoft walitoa njia ya kuzima ukodishaji huo kwenye kompyuta inayobeba faili, kwa amri ya PowerShell (dirisha la amri la Windows) ya Set-SmbServerConfiguration yenye EnableLeasing ikiwekwa $false. Mkikutana na uharibifu unaojirudia na mmeshaondoa waifai, kebo na umeme kwenye orodha, jaribuni hiyo. Kabla ya hapo, hapana.

Kama mtafanya jambo moja tu la maana kwenye ofisi ya namna hii, ligaweni faili. Kwenye Database Tools kuna zana ya kuligawa sehemu mbili: majedwali yabaki kwenye folda ya pamoja, na fomu, ripoti na maswali (queries) viwe kwenye faili la pili ambalo kila mtu ananakiliwa la kwake, ndani ya kompyuta yake. Kinachopita kwenye waya kinapungua. Fomu ikiharibika, imeharibika ya mmoja, unampa nakala nyingine. Nawe unaweza kutengeneza ripoti mpya saa nne asubuhi bila kumfungia mtu nje. Nimekuta ofisi zilizoligawa vizuri kisha zikaweka faili la fomu nalo kwenye folda ya pamoja, wote wakalifungua hukohuko. Hiyo ni sawa na kutogawa.

Kubana faili kwafaa, maana rekodi zilizofutwa haziachii nafasi zake mpaka libanwe, na ukomo wa faili la Access ni GB 2. Faili likiukaribia, huanza kutoa makosa yasiyohusiana kabisa na ukubwa. Lakini libaneni jioni, watu wakiwa wametoka, mkiwa na nakala pembeni, na kazi ifanyike ndani ya kompyuta inayolibeba badala ya kupitia mtandao. Lile chaguo la kulibana kila linapofungwa lizimeni kwenye faili la majedwali.

Nakala za akiba ni hivyohivyo. Nakala iliyochukuliwa wakati watu wanaandika inaweza kuwa mbovu, na ubovu wake mtaujua siku mnapoihitaji. Chukueni baada ya faili dogo la kufuli kutoweka, na mara mojamoja fungueni nakala hizo, muone rekodi za jana zimo. Msiweke faili linalotumika ndani ya OneDrive, Google Drive au Dropbox. Huduma hizo husawazisha faili zima bila kujua kufuli la Access. Watu wawili wakiandika, mnapata mafaili mawili yenye nusu ya ukweli kila moja. Nakala iliyofungwa ipelekeni huko, ni mahali pazuri.

Kuna ujumbe ambao si ubovu, na lazima muwaeleze watumiaji. Watu wawili wakihariri rekodi moja, wa pili kuhifadhi ataulizwa ahifadhi yake, anakili pembeni, au aache mabadiliko yake. Makatibu wetu, na Tabora ina wengi waliopita Chuo cha Uhazili, wana kasi ya kuchapa ambayo hamtaifikia. Kasi hiyo huwafanya wabonyeze kitufe cha kwanza kabla macho hayajasoma, na cha kwanza ni kile kinachoifuta kazi ya mwenzake. Kaa nao, tengenezeni mgongano kwa makusudi kwenye rekodi ya majaribio, waone kinachotokea. Halafu mpangane: nani anagusa rekodi zipi, hasa msimu wa masoko ya tumbaku ambapo kila mtu anamtafuta mkulima yuleyule.

Utafika wakati Access haitoshi. Dalili ni hizi: matawi yanataka kuingia kutoka Urambo au Sikonge kwa intaneti, faili limepita GB 1 na linakua kila msimu, au watu wanaoandika kwa pamoja wamezidi uwezo wa wewe kuwafuata meza kwa meza. Access kwenye karatasi inaruhusu watumiaji 255. Mimi nisingeiweka hata kwa 25 wanaoandika siku nzima. Usiwafungulie matawi folda ile kupitia intaneti, hata kwa VPN (njia ya siri ndani ya intaneti), maana injini ya Urambo itakuwa inavuta kurasa za KB 4 moja baada ya nyingine kwenye njia inayokatikakatika. Wala usikimbilie kanzidata ya SQLite kwa sababu ni ya bure: nayo ni faili, na walioitengeneza wenyewe wanaonya juu ya kuiweka kwenye folda ya mtandao.

Peleka majedwali kwenye injini halisi: PostgreSQL, MySQL, au SQL Server Express, ambayo toleo lake la 2022 linaruhusu GB 10 kwa kila kanzidata bila malipo. Fomu za Access zinaweza kubaki zilezile, zikiunganishwa na majedwali mapya kwa ODBC, kiunganishi kati ya programu na kanzidata. Majedwali yaliyounganishwa yape majina yaleyale ya zamani, la sivyo kila fomu na kila swali litataka kuandikwa upya. Hakikisha kila jedwali lina ufunguo wake mkuu (primary key, safu inayotofautisha kila rekodi) kabla ya kulihamisha, kwa sababu lisipokuwa nao Access italisoma tu bila kuliandika, na ofisi itakupigia simu ikisema ruhusa zimeharibika tena.